Kuzaa si Kazi: Sikilidi wa Maziwa Yetu Katika Tangi la Nyumbani

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo huuliza kwanza: nifanye nini ili wazae? Kwa samaki wengi swali hilo ni la msingi. Kwa sikilidi si hivyo. Huu ni ukoo mpana wenye perege na sato wa mezani, kuhe wa Kigoma, furu wa Mwanza na mbuna wa Ziwa Nyasa, na wengi wao huzaa bila kubembelezwa. Huzaa kwenye tangi dogo, huzaa hata maji yakiwa ya wastani, na wakikosa mwenza wa aina yao huzaa na wa aina nyingine. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa sikilidi hata kulea mfugaji amepunguziwa, maana wazazi wenyewe hulinda mayai na vifaranga kwa bidii isiyo ya kawaida kwa samaki.

Kazi iliyobaki kwa mfugaji ni kuhakikisha kwamba anayezaliwa, kizazi baada ya kizazi, bado ni samaki yuleyule aliyetoka ziwani. Wafugaji wengi hujipima kwa wingi wa vifaranga. Kipimo cha haki zaidi ni nasaba, na sababu yake imo katika historia ya maziwa yenyewe.

Maziwa matatu, umri tofauti

Wanasayansi wameshaeleza zaidi ya spishi 1,700 za sikilidi. Wamo Amerika ya Kusini na ya Kati, Madagaska, India na Mashariki ya Kati, lakini hakuna mahali walikojazana kama katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki. Ziwa Tanganyika lina spishi mia mbili na ushee. Victoria lilikuwa nazo takriban 500. Nyasa, ambalo majirani zetu wa Malawi huliita kwa jina la nchi yao, linayapita yote mawili.

Hesabu hizo peke yake hazitoshi bila kutazama umri. Tanganyika ni ziwa la miaka kati ya milioni 9 na 12, lenye kina cha mita 1,470. Koo za samaki wake zimeachana zamani: kuhe, ambaye hupita urefu wa sentimita 70, anaishi ziwa moja na *Neolamprologus multifasciatus*, ambaye jike lake hukua sentimita tatu hivi na hutosha ndani ya kombe la konokono. Victoria ni kinyume chake. Ushahidi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kuwa lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya aina za furu tunazozijua zimetengana baada ya hapo. Kwa kipimo cha maumbile huo ni muda mfupi sana. Nyasa liko katikati: ziwa la kale, lakini mbuna wake ni ndugu wa karibu.

Udugu huo una maana kubwa kwa mwenye tangi. Furu wa aina mbili tofauti, wenye rangi, meno na chakula tofauti, wakipandana huzaa chotara wenye afya na wenye uwezo wa kuzaa tena. Hali ni hiyohiyo kwa mbuna wengi, hata wale ambao vitabu vimewaweka katika jenasi mbalimbali. Kinachowatenganisha ziwani si kushindwa kuzaliana. Ni chaguo la jike: anamtambua dume wa kwao kwa rangi, kwa harufu na kwa mwendo wa uchumba, na wengine anawakataa. Nasaba nzima imesimama juu ya chaguo hilo, na tangi la kioo ndilo mahali rahisi zaidi pa kulivuruga.

Maji kwanza, ila si kwa namna inayodhaniwa

Vitabu vya ufugaji hutoa namba. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Nyasa huwa kati ya 7.7 na 8.6, Victoria hupanda na kushuka kufuatana na ghuba na majira, na maji yake ni laini zaidi. Joto kwa wote ni nyuzi 24 hadi 28. Namba hizi zinasaidia, lakini mfugaji anayezikimbiza kwa dawa kila asubuhi huwaumiza samaki kuliko anayeacha maji yatulie kwenye kiwango kilicho karibu. Sikilidi waliozaliwa matangini kwa vizazi vingi huvumilia tofauti ndogo ya pH. Wasichovumilia ni kupandishwa na kushushwa.

Hatari kubwa ya maji yenye pH ya juu haionekani kwa macho. Taka za samaki hutoa amonia, na amonia ina sura mbili ndani ya maji: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu kali ya matamvua. Kinachoamua mgawanyo wake ni pH. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu isiyofika asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 5 hivi, na kwenye pH 9 huwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa maji laini angeustahimili kwa siku kadhaa unaweza kumuua *Tropheus*, sikilidi wa Tanganyika, kwa usiku mmoja.

Ndiyo maana tangi jipya halitiwi samaki wengi siku ya kwanza. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na makali, huhitaji kati ya wiki nne na sita kujenga makazi kwenye chujio, mchanga na mawe. Baada ya hapo kazi ya mwenye tangi ni kubadilisha robo au theluthi ya maji kila wiki ili nitrati isirundikane. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, au hutiwa dawa ya kuua klorini. Mamlaka ya maji ikitumia kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi, dawa ni lazima.

Kwa mkaaji wa pwani ya Afrika Mashariki jiografia imefanya nusu ya kazi. Mawe ya matumbawe na makombe ya baharini yaliyooshwa vizuri huyeyuka polepole na kuyaweka maji katika ugumu ambao sikilidi wa Tanganyika na Nyasa wanaupenda. Visima vingi vya pwani vina maji magumu tayari, ingawa vingine vina chumvi nyingi kupita kiasi na hupaswa kupimwa. Joto nalo halina shida Dar es Salaam au Mombasa. Hapo tatizo ni la upande wa pili, kwamba maji yakipita nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo. Nairobi, Arusha na Njombe ndiko hita inakohitajika. Kote huko kukatika kwa umeme ni adui wa kweli, kwa sababu chujio likisimama saa kadhaa bakteria wake huanza kufa na samaki hukosa hewa. Pampu ndogo ya betri ni sehemu ya lazima ya vifaa.

Namna mbili za kulea

Sikilidi wa maziwa haya hugawanyika katika makundi mawili ya malezi, na kila kundi lina matakwa yake kwenye tangi.

Kundi la kwanza hutaga juu ya kitu: jiwe, ufa wa mwamba au kombe. Tanganyika ndiyo ngome yao. *Neolamprologus multifasciatus* huishi kwenye marundo ya makombe ya konokono *Neothauma* yaliyotapakaa sakafuni mwa ziwa. Mwenye tangi la lita 60 akiweka mchanga laini na makombe matatu kwa kila samaki atawaona wakichimba, wakigeuza makombe na kupigania mipaka ya mashamba yao. Vifaranga huchungulia mlangoni mwa kombe la mama kabla mwenye tangi hajajua kwamba mayai yalitagwa. Makombe ya konokono wa nchi kavu hufanya kazi hiyo vilevile, mradi samaki aweze kuingia na kugeuka.

*Neolamprologus brichardi* ana mpangilio wa familia ambao watafiti wa tabia za wanyama wameuchunguza kwa miongo kadhaa. Watoto wa uzao wa kwanza hawaondoki. Hubaki kwenye himaya ya wazazi, husafisha mayai ya wadogo zao, huchimbua mchanga na kufukuza wavamizi, na kwa malipo hupata ulinzi. Jozi moja kwenye tangi la lita 200 inaweza kuwa ukoo mzima wenye vizazi vitatu vilivyo hai kwa pamoja. Ukoo huo hauwavumilii wageni: samaki wengine waliomo hubanwa pembeni, juu kabisa ya maji, hadi watolewe au wafe. Hapo tatizo la mfugaji si uzazi mchache bali uzazi usio na mahali pa kwenda.

Kundi la pili huatamia mdomoni. Mbuna wote, furu wote na wengi wa Tanganyika wako humu. Jike hutaga yai moja au machache, hugeuka mara moja na kuyaokota. Kwenye pezi la mkunduni la dume kuna madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike huyadonoa kana kwamba amesahau mengine, na dume hutoa shahawa zinazorutubisha mayai yaliyomo kinywani mwa jike. Mtafiti Wolfgang Wickler alieleza jambo hilo mwaka 1962, na tangu hapo madoa hayo yamekuwa moja ya mifano maarufu katika mijadala ya mageuko ya viumbe.

Jike wa mbuna hukaa na mayai, kisha vifaranga, kwa takriban wiki tatu bila kula. Taya huvimba, tumbo huingia ndani, naye hujificha. Idadi ya mayai hutegemea spishi na umri: kumi hivi kwa jike mchanga, hata zaidi ya hamsini kwa mkubwa. *Tropheus* wa Tanganyika amechukua njia ya kinyume. Hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya kumi na tano, lakini ni makubwa. Huyaatamia kwa wiki nne hivi, na katika muda huo jike hula kidogo ili kuwalisha watoto waliomo mdomoni. Anapowatoa, tayari wanaweza kujitegemea.

Hapa wafugaji hugawanyika. Wapo wanaomkamata jike katika siku ya kumi na tano hivi, wakamfungua taya taratibu na kuwatoa vifaranga wawakuze kwenye chombo chenye maji yanayozunguka. Wanaookoka huwa wengi, na jike hurudi kula mapema. Wengine huhamishia jike kwenye tangi lake peke yake na kumwacha amalize. Kwa mwenye biashara hesabu iko wazi. Kwa mwenye nia ya kutunza nasaba, njia ya pili ina sababu yake: jike anayemeza mayai kila mara, au asiyejua kuokota, huachwa bila watoto, na tabia ya kulea hubaki ikichujwa kama ziwani. Ukiwatoa vifaranga kila mara, unazalisha pia majike ambao ziwani wasingeacha mtoto hata mmoja.

Na hata malezi ya mdomoni hayako salama. Katika Ziwa Tanganyika kambare mdogo mwenye madoadoa, *Synodontis multipunctatus*, hujipenyeza katikati ya uchumba wa sikilidi na kuangusha mayai yake. Jike huyaokota pamoja na yake. Mayai ya kambare huangua kwanza, na vifaranga wake hula watoto wa mwenye nyumba ndani ya kinywa chake. Tabia hiyo ilitangazwa kisayansi mwaka 1986, na leo kuna wafugaji wanaowazalisha kambare hao matangini kwa kuwatumia sikilidi kama walezi.

Ugomvi, na chakula kinachoua

Vifo vingi katika matangi ya sikilidi vinatokana na mambo mawili: kupigana na kula vibaya.

Dume wa mbuna ana mamlaka juu ya mwamba wake na hutaka kila jike apandwe. Jike mmoja peke yake hufukuzwa hadi akachoka. Kwa hiyo kanuni ni dume mmoja kwa majike watatu au wanne, tangi lisilopungua sentimita 120 kwa urefu, na marundo ya mawe yanayokatisha macho ili anayefukuzwa aweze kupotea. Wafugaji wa mbuna na *Tropheus* pia hujaza samaki kwa makusudi. Kundi la *Tropheus* watano huishia kuwa mbabe mmoja na wahanga wanne. Kundi la kumi na tano au ishirini hugawanya ghadhabu ya mbabe hadi isimwangukie mmoja. Ila wingi huo hudai chujio kubwa na mabadiliko ya maji yasiyokosa.

Chakula kina mtego wake. Mbuna wengi na *Tropheus* ni wakwanguaji wa mwani juu ya mawe, nao wana utumbo mrefu uliozoea nyuzinyuzi. Wakilishwa nyama ya ng'ombe, moyo wa kuku au chakula chenye mafuta mengi kwa nia ya kuwanenepesha, hupata ugonjwa wa kuvimba tumbo: huacha kula, hutoa kinyesi cheupe chenye uzi, huvimba na kufa, mara nyingi mmoja baada ya mwingine. Chakula chenye spirulina, kiumbe cha kijani-buluu cha jamii ileile inayowalisha heroe wa Natron na Nakuru, ndicho msingi salama. Mboga zilizochemshwa kidogo huongeza. Wala nyama wapo pia, furu wengi wakiwemo. Jambo la kwanza kujua juu ya samaki uliyemnunua, basi, ni alichokuwa akila kwao.

Damu inapochanganyika

Hapa ndipo wengi wanaofanikiwa katika yote yaliyotangulia hushindwa bila kujua.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha utafiti juu ya furu wa Mwanza. Miongoni mwao walikuwamo wawili walio karibu sana: *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume wake ana rangi ya buluu, na *Pundamilia nyererei*, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na jina lake linamuenzi Mwalimu Nyerere. Katika mwanga wa kawaida jike humchagua dume wa aina yake. Katika mwanga wa rangi moja, unaoficha tofauti ya buluu na nyekundu, chaguo hilo hupotea. Ziwani hali hiyo huletwa na maji yaliyochafuka kwa mbolea, maji taka na udongo: mwanga unazimika, majike hawaoni rangi, na spishi mbili huanza kuwa moja.

Tangi hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine. Si lazima maji yawe machafu. Inatosha kwamba jike hana dume wa kwao, au ana mmoja dhaifu anayefunikwa na mbabe wa aina nyingine. Ziwani angeogelea mita kumi akampata anayemtaka. Ndani ya kioo hana pa kwenda. Katika Ziwa Nyasa jamii ya *Aulonocara*, ambao madume wao hung'aa buluu, manjano na nyekundu, ni mfano mbaya zaidi, kwa sababu majike wa spishi zake karibu wote ni wa rangi ya udongo na hata mtaalamu hawatofautishi kwa urahisi. Mfugaji akichanganya spishi tatu kwenye tangi moja, baada ya mizao miwili hajui tena jike gani ni wa nani, na watoto wanaouzwa kwa jina la spishi huwa si wa spishi yoyote. Baadhi ya chotara hao wamepewa majina ya biashara na kupata wateja wao. Kwa mapambo hakuna ubaya mkubwa. Ubaya huanza pale chotara anapouzwa kwa jina la mzazi mmoja.

Tatizo haliishii kwenye spishi. Spishi moja ya Tanganyika hubadilika rangi kutoka mwamba hadi mwamba, kwa sababu samaki wa miambani hawapendi kuvuka mchanga wala kina. Ndiyo maana wapenzi wa samaki wa Ujerumani na Marekani hutaja vijiji vya Tanzania kwa mazoea kuliko Watanzania wengi: *Tropheus* wa Ikola, *Tropheus duboisi* wa Maswa kusini mwa Kigoma, *Julidochromis* wa Kipili, *Cyphotilapia* wa Kigoma mwenye mistari ya ziada. Upande wa Nyasa hutajwa Lupingu, Hongi na Kisiwa cha Lundo. Jina la kijiji kwenye kibandiko ni cheti cha nasaba. Ukimwoza *Tropheus* wa Ikola na wa Kasanga, hujavunja kanuni yoyote ya kuzaana, lakini umefuta maelfu ya miaka ya kutengana.

Upande wa pili wa hatari ni damu kuwa finyu. Samaki wa manjano anayejulikana na kila duka la samaki duniani, *Labidochromis caeruleus*, ziwani huwa mweupe au mwenye ubuluu katika sehemu kubwa ya eneo lake. Rangi ya manjano ni ya kipande kidogo cha pwani ya Malawi. Watu wa fani hii wanasimulia kwamba mbegu yake ilipitia kwenye matangi ya mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, Pierre Brichard, huko Bujumbura, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa samaki wachache tu, na humo ndimo walimotoka walioenea duniani. Samaki wa namna hiyo wakizalishwa ndugu kwa ndugu, kila duka likichukua kutoka duka jingine, rangi hufifia, madoa meusi hujitokeza pasipotakiwa, uti wa mgongo hupinda.

Dawa ya hatari ya kwanza inaonekana kupingana na dawa ya pili: usichanganye, lakini usifungie. Wafugaji makini hutatua hilo kwa kuleta damu mpya ya mahali palepale. Hununua vikundi viwili au vitatu vya samaki wa kijiji kimoja kutoka kwa wazalishaji tofauti, huweka spishi moja tu ya jamii inayokaribiana kwenye kila tangi, na huandika: samaki alitoka wapi, kizazi cha ngapi tangu ziwani, nani alipewa watoto.

Je, tangi linaweza kuokoa ziwa?

Swali hili lilikuja kwa nguvu kutoka Victoria. Sangara, aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, alilipuka kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ule ambao maji yalikuwa yakipoteza oksijeni na mwanga. Watafiti waliokuwa wakiwahesabu furu katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walikadiria kuwa takriban spishi 200 zilitoweka au zilikuwa ukingoni. Baadhi zilikuwa zimeshachukuliwa hai, na katika miaka ya 1990 mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani, pamoja na wafugaji wa majumbani, yaligawana kuzizalisha. Kuna furu ambao kwa miaka mingi walionekana kwenye kioo tu.

Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini yana mpaka, na mpaka wenyewe ulionyeshwa na ziwa. Furu mmoja mla vijidudu vya majini, *Haplochromis pyrrhocephalus*, alirudi Victoria katika miaka ya 1990 baada ya karibu kupotea. Watafiti walipompima walikuta si yule wa zamani. Katika takriban miongo miwili tu eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, kulingana na maji yenye oksijeni haba, na kichwa na chakula chake vilikuwa vimebadilika. Ziwa lilikuwa limemfundisha upya. Nduguye aliyebaki kwenye tangi lenye pampu ya hewa hakupata somo hilo. Kinachohifadhiwa kwenye kioo ni nasaba ya siku alipokamatwa, na kila kizazi kinachozaliwa humo huchujwa na matakwa ya tangi: kula chembe kavu, kuvumilia msongamano, kupendeza macho ya mnunuzi.

Kwa hiyo wazo kwamba wafugaji watawarudisha samaki ziwani siku moja halina uzito linaopewa mara nyingi. Sangara bado yuko, tope bado liko, na samaki wa matangini wamebadilika kwa namna yao. Thamani ya tangi iko mahali pengine. Hupunguza uvuvi wa samaki adimu, kwa kuwa anayepata *Tropheus* aliyezaliwa matangini hana haja ya aliyekamatwa mwambani. Huwaweka hai samaki ambao mtafiti anaweza kuwatazama wakichumbiana na kulea, jambo lisilowezekana kwa samaki wa kwenye chupa ya makumbusho. Na huhifadhi kumbukumbu ya ziwa lilivyokuwa, mradi nasaba iwe imeandikwa. Bila maandishi hayo, furu wa tangini ni samaki mzuri asiyejulikana ni nani.

Upande wetu wa kioo

Biashara ya sikilidi wa mapambo ilijengwa kwa kuvua hapa na kufuga kwingine. Bujumbura ya Brichard, pwani za Malawi na vijiji vya Kigoma vilitoa samaki. Ujerumani, Jamhuri ya Czech na Florida zilijifunza kuwazalisha kwa maelfu. Mkazi wa Mwanza, Kigoma au Kyela anayeanza kufuga leo ana faida ambayo mfugaji wa Stuttgart hana. Yule hulazimika kuamini kibandiko. Huyu anaweza kwenda mwambani, kwa kibali cha idara ya uvuvi, akatazama samaki wa mahali hapo wana rangi gani, maji yana kina gani, majike hutagia wapi, kisha akalinganisha na alionao nyumbani. Kwa mtu anayejali nasaba hakuna kitabu kinachoizidi fursa hiyo.

Lakini ukaribu huo una hatari yake. Tangi la Stuttgart likimwagwa mferejini, samaki hufa kwa baridi. Bwawa la Mwanza likifurika, samaki hufika ziwani wakiwa hai. Ziwa Nyasa limeshaonja hilo: kwenye Kisiwa cha Thumbi West, ndani ya hifadhi iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1984, kuna mbuna walioletwa kutoka sehemu nyingine za ziwa kupitia biashara ya samaki wa mapambo. Wamekaa, wamezaana, na baadhi wamechanganyika na wenyeji. Waliowaachia hawakuleta samaki wa nchi ya mbali. Walileta wa ziwa lilelile, kutoka mwamba mwingine, na ikatosha kuharibu.

Kwa hiyo mfugaji wa maziwa haya ana masharti mawili ambayo wenzake wa mbali wanaweza kuyachukulia kwa wepesi. Asirudishe samaki yeyote majini, hata kama anaamini ndiko alikotoka. Na asiuze samaki ambaye hawezi kujibu juu yake maswali matatu: ametoka mwamba gani, wazazi wake walikuwa wangapi, na walikaa tangi moja na nani. Mwenye majibu hayo, hata akiwa na vifaranga ishirini tu kwa mwaka, ana kitu cha kumkabidhi mfugaji mwingine na mtafiti pia. Asiye nayo anaweza kujaza soko zima kwa samaki wanaong'aa, na ziwa lisinufaike kwa lolote.